Ubao wa Kwenda na Kurudi

Vijana wangu wa karakana,

Siku ile mliponiaga kwa soda na keki, mmoja wenu alisema, "Mzee, tuandikie basi hata kidogo, tujue enzi zenu mlikuwa mnafanyaje." Nikaitikia kwa kichwa kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Nilidhani mtasahau. Kumbe mimi ndiye sikusahau. Nyumba hii ya mtaa wa Izia ni kubwa kwa mtu mmoja, redio nimeichoka, na wastaafu wenzangu wanaosema wanalala mchana naona wananidanganya. Basi nimekaa kuandika. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa viwili tu, na cha pili kilikuja na funguo za stoo na lawama.

Nilifika Sumbawanga kijana, natoka Tukuyu, mwezi wa sita, nimevaa shati la mikono mifupi. Anayeijua Ufipa mwezi wa sita ameshacheka. Nyumbani walinionya juu ya radi za huku na mambo mengine ya kutisha watoto. Hakuna aliyenionya juu ya upepo. Ulinipokea pale stendi, ukanisindikiza mpaka mlango wa karakana, na mpaka leo haujanizoea.

Karakana wakati ule ilikuwa ya misheni, na mafundi wote walikuwa Wafipa, watu wa kanisa moja, wengine wamebatizwa siku moja. Waliongea Kifipa tangu asubuhi hadi kengele ya kutoka. Kiswahili kilikuwa cha kunituma. "Lete randa." "Shika hapa." "Toa mguu." Wakishanituma wanarudi kwao, wanacheka, nami sijui kama wananicheka. Mara nyingi walikuwa wananicheka. Chakula cha mchana nilikula nimeelekea ukuta, ugali wao wa ulezi unanikwama kooni, namfikiria mama yangu na ndizi zake. Niseme wazi: mwezi ule wa kwanza nililia, na si mara moja.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Kasiani, mtu mfupi, mpole, mikono yake mikubwa utadhani ameiazima kwa mtu mwingine. Aliniona. Asubuhi moja akanishika bega, akanipeleka kwenye meza ya pembeni, dirishani, alikokuwa anafanya kazi mtu mmoja mrefu aliyeinama juu ya kipande cha mpingo. "Huyu ni Oswadi," akasema. "Wewe husikii Kifipa, yeye hasikii chochote. Mtaelewana." Akaondoka zake. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kuanzia kazi.

Watu walimwita bubu. Sikulipenda neno hilo hata kabla sijamjua. Oswadi alikuwa kiziwi tangu utotoni, kwao Milepa, kule bondeni, na hakuna shule aliyoiona. Lakini mikono yake ilisema siku nzima. Kazi yake ilikuwa kupachika mti ndani ya mti: nyota nyeupe juu ya kabati jekundu, ua jeusi kwenye ubao wa kichwani mwa kitanda. Watu wa pwani wana neno lao zuri, njumu. Sisi karakanani tuliita viraka, na mteja akisikia ananuna.

Nitawaeleza tulivyofanya, maana siku hizi naona mnabandika karatasi yenye picha ya mti juu ya mbao za kusagwa, na mnalala usingizi. Kwanza mti upumzike. Mninga ukitoka bondeni una joto la bondeni ndani yake. Ukiufanyia kazi wiki hiyo hiyo, upepo wa huku juu utaukausha na kila ulichopachika kitaruka chenyewe. Sisi tuliuacha upite kiangazi kizima darini. Halafu unakata kipande chako, unakilaza juu ya ubao, unakizungushia ncha ya kisu. Kisu, si penseli; penseli ina unene na unene ni uongo. Unachimba kitanda chake cha kulalia kwa patasi, kina kiwe pungufu kidogo kuliko kipande, unatia gundi, unabana kwa jiliwa, na unakwenda nyumbani. Kesho yake unakisawazisha kwa randa. Mwisho unafumba macho na kupitisha ukucha juu ya maungio. Ukucha ukikwama, anza upya. Mzee Kasiani alikuwa anasema jicho lina huruma, linasamehe, lakini ukucha hauna ndugu.

Mimi nilichimba vitanda, Oswadi alikata vipande. Tuligawana hivyo siku ya kwanza na hatukubadilishana tena. Na kwa kuwa kazi ya watu wawili haiendi bila maneno, tukatengeneza ya kwetu. Mninga ilikuwa kugusa kifua, penye moyo, kwa ule wekundu wake. Mpingo, kugonga kichwa kwa kidole, kwa ugumu. Gundi, vidole viwili vinavyokataa kuachana. Kazi iliyokwisha ilikuwa brashi ya vanishi, kiganja kinapita hewani taratibu. Msimamizi, alipokuja baadaye, alikuwa ni mtu anayepandisha suruali. Mimi nilikuwa kumenya ndizi, na nilipolalamika kwamba huo ni utani uliozeeka juu yetu Wanyakyusa, Oswadi akaimenya tena polepole zaidi. Hakuna mtu mwingine aliyejua lugha ile. Wenzetu walikuwa wanatupita wakituona tunapunga mikono, wanasema, "Wale wanafukuza nzi." Nilijifunza Kifipa baadaye, cha kutosha kununulia na kuzikia. Lakini lugha niliyoishi ndani yake hapa Sumbawanga ni ile ya meza ya dirishani.

Miaka ikaenda. Mzee Kasiani alifariki, karakana ikashikwa na watu wengine, msumeno wa umeme ukaja. Mke wangu, ambaye aliugua kwa muda mfupi mno, nilimzika hapa hapa. Watoto wakaenda, mmoja Mbeya, mmoja Dar es Salaam, wakawa sauti kwenye simu. Siku niliporudi kazini baada ya msiba, wenzangu walisema "pole" mlangoni, kila mmoja mara moja, kama inavyopaswa. Oswadi alinivuta mpaka mezani. Alikuwa amechimba vitanda vyangu vyote vilivyolala kwa siku zile, kazi ambayo hakuwa anaipenda, na alivichimba vizuri kuliko mimi. Nilisimama pale nikavitazama mpaka machozi yakakauka.

Nilikuwa wa kwanza kugundua macho yake. Kila umeme ulipokatika na karakana ikawa na giza la mawingu, alianza kujigonga kwenye pembe za meza alizozijua kuliko nyumba yake. Halafu akawa anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Ukimnyooshea kitu pembeni hakioni. Tulikwenda hospitali. Daktari alikuwa kijana mwenye heshima, akaniambia, "Mzee, huu ugonjwa unafunga mlango polepole, hatuna dawa ya kuuzuia." Sikuwa na ishara ya maneno hayo. Nilifunga ngumi mbele ya jicho lake polepole. Akaifungua, akanirudishia mkono wangu, akaonyesha: twende, gundi inakauka.

Tangu hapo shida ikawa moja, nami niliibeba kama mzigo wa kwangu: karakanani wasijue. Wakijua watamrudisha Milepa. Kule kulikuwa na mpwa wake na familia, watu wema kwa nilivyosikia, lakini nani angeongea naye? Kiziwi asiyeona, katikati ya watu wasiojua hata kumwambia "kula". Nilimwona ameketishwa kwenye ukuta mpaka afe. Picha hiyo haikunitoka. Nilikuwa tayari kudanganya kanisa na serikali.

Mikononi hapakuwa na shida. Kama nilivyosema, kazi ile ni ya ukucha. Alikata vipande vyake kwa kugusa, na vikakaa sawa kuliko vya wenye macho manne. Miti aliitambua kwa uzito na kwa pua. Tuliacha kuongea hewani, tukawa tunaongea kwenye mkono wake wa kushoto, kati ya kiwiko na kiganja. Mtu akipita anadhani nampangusa vumbi. Shida ilikuwa njia. Alikuwa amepanga chumba jirani yangu, na kutoka Izia mpaka karakanani kuna mitaro, baiskeli, na mbuzi wasio na adabu. Ningemshika mkono, siku hiyo hiyo wangejua.

Basi nikachukua ubao. Ubao wa mti wa podo, mrefu, mwepesi. Asubuhi mimi natangulia nimeweka ncha moja begani, yeye nyuma na ncha nyingine, tunakwenda. Nikipinda, ubao unampindisha. Nikisimama, unamsimamisha. Mtaro nilimwambia kwa kuugonga ubao. Jioni tunaubeba tena kurudi nao. Watu waliona mafundi wawili wanabeba mbao, nani ashangae? Tulifanya hivyo kiangazi na masika. Ubao ule ule.

Mlinzi wa getini, mzee wa Kifipa mwenye koti la jeshi, ndiye peke yake aliyefikiria. Asubuhi moja akanizuia. "Mnyakyusa, huu ubao kila siku unaingia na kutoka. Hauna kazi?"

"Unakaushwa," nikasema.

"Kwa kutembezwa?"

"Ni utaalamu wa kwetu Tukuyu."

Akamtazama Oswadi, aliyekuwa anatabasamu kuelekea upande ambao hakuna mtu.  Kisha akafungua geti lote, wakati kawaida alifungua nusu. "Piteni na ubao wenu," akasema, na hakuniuliza tena.

Kilichotuangusha ni dagaa.

Tulikuwa na meza ya mviringo, zawadi ya harusi ya binti wa mwalimu mmoja. Mninga, na kuizunguka pembeni mnyororo wa vipande vya umbo la almasi, moja nyeupe ya podo, moja nyekundu ya mwerezi. Vipande vyote Oswadi alikuwa amevikata, nimeviweka kwenye makopo mawili, nyeupe kushoto, nyekundu kulia. Podo na mwerezi vinakaribiana uzito, ila mwerezi una harufu yake, hata mtoto angeutambua. Siku ile nikatumwa kwenda kufunga kabati kwenye nyumba ya mteja. Niliona ni salama.

Nilipokuwa huko, msimamizi akamwazima stoo mfanyabiashara aliyeleta magunia ya dagaa kutoka Kipili, mvua imemkuta njiani na gari limeharibika. Ni ubinadamu, simlaumu. Stoo ikajaa, magunia yaliyobaki yakaja kupangwa ndani, karibu na dirisha. Wapagazi wakayamwaga makopo yangu, wakayajaza tena vizuri, vipande vyote, bila kupoteza hata kimoja. Ila hawakuwa na sababu ya kutenganisha nyeupe na nyekundu.

Oswadi akainusa almasi ya kwanza: dagaa. Ya pili: dagaa. Karakana nzima ilikuwa dagaa. Nilipofungua mlango jioni nilidhani nimeingia sokoni. Akaamini makopo yangu. Mtu huyu alikuwa ananiamini kiasi hicho.

Niliwakuta wote wameizunguka meza. Nilipenya. Nyeupe tatu zinafuatana, nyekundu moja, nyeupe, nyekundu nne. Mnyororo mzima umechanganyikiwa. Nikapitisha ukucha: haukukwama popote. Ilikuwa kazi safi kuliko zote tulizowahi kufanya, na kila mtu alikuwa anacheka. Oswadi alisimama ameweka viganja juu ya meza yake, anasubiri nimwambie imependeza.

Msimamizi hakucheka. Alisogea, akapunga mkono mbele ya uso wa Oswadi. Akapunga tena. Kicheko kikaisha.

"Ambakisye," akaniambia, na kwa kawaida haniiti kwa jina, "tangu lini?"

"Muda."

"Na msumeno wa umeme unazunguka humu ndani. Siku ungemkata mkono, ungemwambia nini mpwa wake?"

Nilimjibu kwa hasira, maneno ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa bado mnamheshimu. Lakini swali lake lilikuwa swali. Nikaomba Oswadi akae kwangu, nitamlisha mimi. Mpwa wake alipopanda kutoka Milepa nikamwomba pia. Alikuwa mtu mzima mwenye adabu, alinisikiliza mpaka mwisho kofia ikiwa mkononi. "Mzee, asante kwa yote," akasema. "Lakini huyu ni mjomba wetu. Tutawaambiaje watu, kwamba analelewa na rafiki wakati sisi tupo?"  Rafiki hana kiti kwenye kikao cha ukoo.

Ilinibidi nimwambie mwenyewe. Niliushika mkono wake wa kushoto nikaandika: kazi. Kisha nikapitisha brashi ya vanishi.  Akaigusa meza yetu ya dirishani kutoka ncha hadi ncha. Kisha akakusanya patasi zake zote, akazifunga kwenye kitambaa, akaondoka nazo. Hakuniachia hata moja, na alifanya sawa, zilikuwa zake. Ile meza ya mviringo mwalimu aliikataa, ikapakwa rangi ya kahawia nzito. Ndiyo hiyo mnayonywea chai, na sasa mmejua kwa nini nilikuwa nakunywa nimesimama.

Miaka iliyofuata ninyi mmeiona. Mmenikuta dirishani peke yangu, nachimba vitanda na kukata vipande mwenyewe, taratibu, wateja wenyewe wachache. Mlikuwa mnaniambia "mambo, mzee," kisha mnakumbuka na kusema "shikamoo." Mlinipenda, najua. Lakini kuna siku ilipita nzima na neno langu pekee likawa "marahaba". Mikono yangu ilianza kusema yenyewe, nikiwa nasubiri gundi, na mara kadhaa niliwaona mnatazamana. Milepa nilituma ulezi na salamu kwa madereva. Majibu yalirudi: mzima. Kwenda mwenyewe sikwenda. Bonde si mbali. Niliogopa kumkuta kwenye ule ukuta.

Wiki iliyofuata keki yenu nilipanda gari nikateremka. Ukishuka ule mlima joto linakuja kukulaki, nikavua sweta, nikavua na koti, nikafika Milepa nimebeba nguo kama muuza mitumba. Mke wa mpwa alinipokea, anaitwa Mama Resti, mwanamke mwenye sauti kubwa na mkono mwepesi. "Shikamoo baba. Ni wewe? Karibu, karibu, yuko nyuma."

Nyuma, kwenye kivuli cha ghala, Oswadi alikuwa amekaa kwenye mkeka anachonga mpini wa jembe. Hakuwa peke yake. Majirani wawili walikuwa wanapukuchua mahindi naye, na kila baada ya muda mmoja anamshika kiganja, vidole vinakimbia, naye anajibu, na wote watatu wanatikisika kwa kucheka. Nilisimama. Sikuelewa hata neno moja.

Mama Resti akaniambia kwamba ilianza na "kula" na "maji", halafu watoto wakaongeza, halafu watu wa nyumba za jirani. "Sasa hivi tunamsengenya mtu akiwa hapo hapo," akasema. "Yeye ndiye anaongoza."

Nikakaa, nikaweka mkono wangu kwenye mkono wake wa kushoto, pale petu. Kisu kikamdondoka. Alinishika kichwa, akanishika masikio, akatoa ile sauti yake ya furaha ambayo wasiomjua huiogopa. Nami nikamsemesha. Mninga. Mpingo. Msimamizi, bado anapandisha suruali. Gundi, mbaya siku hizi. Mimi, kazi, vanishi. Aliitikia kila moja. Halafu nikatafuta neno jingine nikakosa. Lugha yetu ya miaka yote ile ilikuwa na miti kumi na mbili na haikuwa na mvua, wala kifo, wala mke wangu. Tulimaliza maneno yetu kabla chai haijapoa. Nilikuwa nimeshuka kumwonea huruma mtu, na mtu mwenyewe alikuwa na kijiji kizima kiganjani. Mpweke alikuwa mimi. Ilibidi nikae kwenye mkeka wa watu ndipo nilijue hilo.

Oswadi akapiga mkeka kwa kiganja, Mama Resti akaja akapiga magoti kati yetu. Vidole vya Oswadi vikaenda mkononi mwake kwa muda mrefu.

"Baba, anauliza, huko juu unaongea na nani?"

"Mwambie watu wapo wengi."

Akamwambia. Oswadi alikuwa bado amenishika kifundo cha mkono. Akatikisa kichwa.

"Amekataa," akasema Mama Resti.

Nilitazama mahindi kwa muda. Majirani nao waliyatazama, kwa adabu. Kisha nikamwuliza, "Mama, neno 'nilikukumbuka', hapa mnalisemaje?"

Akauchukua mkono wangu akanionyesha, mara moja, haraka, kisha polepole. Nikakigeukia kiganja cha Oswadi nikaandika. Akanirekebisha kidole kimoja. Nikarudia.